CD za Madonna kutoka mnada wa Msalato: kiki ni kiki, kujilipua ni habari nyingine

Nianze na ubovu, maana ndio mtu anaotaka kuujua kabla hajatoa hela. The Immaculate Collection, CD ya mwimbaji wa Marekani Madonna, ina mkwaruzo wa duara ukingoni, kama kuna mtu aliisugulia mezani. Nyimbo kumi na tano za mwanzo zinapita vizuri. Ya kumi na sita inaanza kugugumia, na ya kumi na saba ndiyo kabisa: deki inatafuta, inatafuta, mwisho inakitema kisahani kama mtoto aliyelishwa mlenda asioutaka. Kasha limepasuka pembe moja na kijitabu cha ndani hakipo.

Kijana aliyeniuzia mnadani Msalato, Jumamosi ya wiki mbili zilizopita, aliniapia. "Mzee wangu, hii haikwami, nikudanganye ili iweje?" Alikuwa ametandika turubai pembeni kidogo ya wachoma nyama, pasi za umeme upande huu, rimoti upande ule, rimoti chungu nzima ambazo sijui televisheni zake zilizikwa wapi. CD tatu alitaka elfu kumi na tano. Tulivutana huku upepo unatumwagia vumbi machoni hadi tukafika elfu tisa. Ya kwanza ni The Immaculate Collection, mkusanyiko wa Madonna wa mwaka 1990. Ya pili ni American Life, albamu yake ya 2003. Ya tatu ni nyimbo za Krismasi na haikusoma hata sekunde moja. Mjukuu ameifunga kamba, sasa inafukuza ndege kwenye uwele wa bibi yake, na nasikia kazi hiyo inaifanya vizuri.

Mimi ni mtu wa muziki wa sherehe hapa Dodoma. Spika nne, miksa, jenereta ndogo, na vijana wawili wanaobeba. Send-off, kipaimara, harusi, na tangu Serikali ihamie huku, hafla za kuagana za watumishi ambazo zinalipa vizuri lakini wageni wanakaa kwenye viti kama wako kikaoni. Hao vijana wangu ndio waliosababisha ununuzi huu. Siku moja tunarudi kutoka kazini Kisasa usiku, mmoja akasema kwenye simu yake ameona video ya Like a Prayer, na kwamba ile ndiyo singo, yaani wimbo unaoachiwa peke yake sokoni, ya kujihatarisha kuliko zote alizowahi kuachia yule mama. "Yule mama aliyeasili watoto wa Malawi," mwenzake akauliza, "na yeye aliimba?" Nikanyamaza. Ila nilikuwa na jibu langu tangu 1986, na nilipoziona zile CD kwenye turubai nikajua nitalipa kisha nitabishana nikiwa na ushahidi mkononi.

Kwa hiyo haya ni maoni juu ya bidhaa, lakini ni ubishi pia. Vijana wa sasa wanachanganya vitu viwili. Kuna kutafuta kiki na kuna kujilipua. Anayetafuta kiki anajua kabisa kelele zitarudi kwake zikiwa hela. Anayejilipua hajui kama kesho atakuwa na msikilizaji.

Ili mnielewe lazima niwaambie tulimsikiaje. Televisheni Tanzania Bara ilianza mwaka 1994. Madonna alitoa singo yake ya kwanza, Everybody, mwaka 1982. Hesabu wenyewe. Miaka kumi na miwili ya mwanzo ya yule mwanamke, sisi wa Dodoma tulimjua kwa masikio tu, labda na picha ya jalada la kaseti ikiwa aliyeileta hakuwa mchoyo. Video zote zilizozua zogo huko Marekani zilikuwa hazituhusu. Wala hatukuwa peke yetu: ile singo ya kwanza ilitolewa bila picha yake kwenye jalada, kulikuwa na mchoro wa mtaa wa New York tu, na wasikilizaji wengi wa huko huko Marekani wakaamini ni mwimbaji mweusi. Kampuni iliwaacha waamini hivyo. Hiyo nayo ilikuwa karata, ila ilichezwa na wakubwa wa kampuni, binti mwenyewe alikuwa bado hajulikani.

Mjomba wangu alikuwa na kibanda cha kurekodi kaseti karibu na Jamatini. Deki mbili, betri ya gari kwa ajili ya umeme ukikatika, na mimi, mwanafunzi wa sekondari, nikitoka shule nakaa pale kubonyeza na kuandika majina ya nyimbo kwa kalamu ya wino. Mteja analeta kaseti tupu, anachagua, anarudi kesho. Mjomba alikuwa pia mzee wa kigango, mtu wa rozari, asiyecheka ovyo. Mwaka 1986 mwishoni, dereva mmoja wa lori akaleta kaseti halisi ya True Blue kutoka Dar es Salaam. Mjomba akaigeuza, akavaa miwani, akasoma wimbo wa kwanza upande A: Papa Don't Preach.

Akasoma tena. Kiingereza chake kilikuwa cha mission, kinatosha. "Papa asihubiri?" akasema. "Nani huyu anamkataza Papa kuhubiri?"

Nilijaribu kumwambia kwamba kwa Wazungu papa ni baba mzazi, hata papa wa baharini wao wana jina lake lingine. Hakutaka kusikia. Kuanzia siku ile kila aliyetaka True Blue kwenye kibanda chetu alirekodiwa kuanzia wimbo wa pili. Nina hakika mpaka leo kuna wazee hapa mjini wanaoijua ile albamu nzima kasoro wimbo uliokuwa namba moja Marekani na Uingereza.

Na ule wimbo, ukija kuusikiliza, ni binti mwenye mimba anamwambia baba yake: nimeamua kuzaa, acha kunihubiria, nisaidie. Huko kwao ulizua jambo la ajabu. Wanaopinga utoaji mimba wakaupongeza, na wale wa uzazi wa mpango wa New York wakalalamika kwamba unawashawishi mabinti kuzaa wakiwa wadogo. Mwimbaji akakaa katikati akikusanya hela kutoka pande zote mbili. Hatari? Kidogo. Mwaka ule mimi nilikuwa na mwenzangu darasani aliyepotea ghafla katikati ya muhula, na sote tulijua kwa nini, na hakuna aliyeuliza. Shule ilikuwa inamfukuza binti na hadithi inaishia hapo. Ilipofika Novemba 2021 Serikali iliposema waruhusiwe kurudi shule, nilikuwa nafunga spika kwenye ukumbi mmoja Area C na redio inaongea. Nikaukumbuka huo wimbo ambao mjomba aliuruka. Kwenye CD hii ni namba tisa na unasikika safi sana, vile vinanda vya mwanzo vinavyosugua kama orkestra ya kanisani vinajaza chumba.

Sasa nifike ninapopataka. Wimbo wa nne wa upande A wa kaseti ile, namba nane kwenye CD hii: Live to Tell.

Jamani. Jiwekeni kwenye nafasi yake. Machi 1986. Ana miaka ishirini na saba. Umaarufu wake wote umejengwa na watu kucheza: Holiday, Into the Groove, Like a Virgin. Ndiyo, alishatoa Crazy for You, ni ya polepole, lakini ile ni ya kushikana kiuno na mpenzi, ukumbi mzima unaielewa. Albamu mpya inatoka, singo ya kwanza ndiyo inayofungua mlango, na ndani ya albamu hiyo hiyo ana nyimbo za kuchezeka ambazo mtoto angeweza kuzichagua. Yeye anachukua wimbo wa karibu dakika sita, mzito, unaohusu siri ambayo hatuambiwi ni siri gani, muziki ambao mtunzi wake Patrick Leonard alikuwa ameutengenezea filamu moja na wenye filamu wakaukataa. Anaandika maneno, anauweka kwenye filamu ya mumewe wa wakati ule, kisha anaupeleka redioni kuwa ndiyo sura yake mpya.

Halafu katikati, muziki unakufa.

Siyo kwamba unapungua. Ngoma zinaacha, besi inaacha, kinabaki kinanda kimoja kinaunguruma chini kabisa kama friji ya jirani usiku. Unasubiri. Unaangalia redio. Ndipo sauti yake inarudi, peke yake, ya chini, kama mtu aliyekuwa ametoka nje kujifuta machozi akaamua kumalizia alichokuwa anasema. Vyombo vinaanza kurudi nyuma yake kimoja kimoja.

Mjomba alipourekodi mara ya kwanza alifika pale katikati akasema kaseti imeliwa. Akabonyeza kuzima. Akaitoa, akaizungusha kwa penseli, akairudisha, ikafika pale pale, akazima tena. Mwisho akaamua wimbo umeisha. Kaseti nne au tano zilitoka kibandani kwetu zikiwa na Live to Tell nusu. Mteja mmoja, fundi cherehani wa Majengo, alirudi mkali kweli kweli. Alikuwa ameusikia mzima kwa ndugu yake na anataka nusu yake. Mimi ndiye niliyekaa na deki jioni ile, nikavumilia ule ukimya bila kugusa kitufe, na nilipousikia unarudi nikapata baridi mikononi. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Sikuwa nafahamu hata robo ya maneno.

Singo inayomfanya mrekodi kaseti aamini mashine yake imeharibika. Nani anatoa singo ya namna hiyo akiwa kileleni? Redioni ukimya ndio adui namba moja, mtangazaji anafundishwa siku ya kwanza kwamba hewa isikae tupu. Ikashika namba moja Marekani, Juni mwaka ule ule. Lakini matokeo hayapunguzi hatari ya kabla. Siku anaiachia hakuna aliyemhakikishia.

Nimeijaribu tena juzi, kwa makusudi, kwenye harusi, wakati wa chakula. Wageni wanakula pilau, naweka taratibu. Ilipofika katikati, mshereheshaji akadhani wimbo umeisha, akanyanyua kipaza sauti, "Sasa wapendwa, upande wa bibi harusi wajiandae na zawadi…" na Madonna akaingia juu yake. Mama mmoja kwenye meza ya kamati aliangusha kijiko. Mshereheshaji alinitazama kwa jicho ambalo litanigharimu kazi mbili tatu, najua. Humu kwenye CD wameufupisha kidogo ukilinganisha na wa albamu, lakini ukimya wameuacha. Elfu tisa yangu ilirudi pale pale.

Nyimbo nyingine nitazipitia haraka, nyingi hazina ubishi. La Isla Bonita ndiyo inayoinua watu hapa Dodoma mpaka leo, hasa kina mama waliosoma miaka ya themanini. Ukiiweka saa nne usiku huhitaji kuomba mtu asimame. Vogue ilipangwa ikae upande wa pili wa singo nyingine, wakashtuka wakaiachia yenyewe, na wakafanya vizuri. Who's That Girl haimo. Ilishika namba moja Marekani na Uingereza mwaka 1987 na hawakuiweka kwenye mkusanyiko wa nyimbo bora! True Blue haimo pia, wala ile Everybody ya mwanzo. Kuna nyimbo kumi na saba, kumi na tano za zamani na mbili mpya, na mimi ningeitoa moja kati ya hizo mpya niingize Who's That Girl.

Jambo jingine la kiufundi kwa wanaofanya kazi kama yangu. Aliyezichanganya upya, Shep Pettibone, alitumia teknolojia inayoitwa QSound, inayofanya sauti ionekane inatoka nje ya spika, pembeni, hata nyuma ya sikio. Nyumbani, nimekaa katikati ya spika zangu mbili, kweli kuna kinanda kilikuwa kinatoka upande wa kabati la vyombo. Ukumbini usitegemee. Kumbi nyingi tunafunga spika zote zipige kitu kimoja ili meza ya nyuma isikose, na ule uchawi wote unapotea. Pia Like a Prayer na Express Yourself za humu zimechanganywa upya, ngoma zimesogezwa. Aliyezoea za kaseti atasikia kama nyumba yake mwenyewe imehamishwa sebule.

Hiyo Like a Prayer, sasa, ndiyo ya kijana wangu. Twende.

Kisa chake wengi mnakijua. Machi 1989 Pepsi wamemlipa dola milioni tano, tangazo linarushwa usiku mmoja likiwa na wimbo mpya, ni tangazo tamu la kifamilia, na kesho yake MTV, televisheni ya muziki ya Marekani, wanaonyesha video yenyewe: misalaba inawaka moto, mtakatifu mweusi anashuka altareni na kumbusu. Kanisa Katoliki likakasirika, watu wakatishia kususia soda, Pepsi wakaondoa tangazo. Milioni tano zake hakuzirudisha. Wimbo ukakaa namba moja Marekani wiki tatu.

Huku kwetu sasa. Sisi tulisikia nini? Tulisikia kwaya! Kwaya ya kweli, ya Andraé Crouch, mtu wa nyimbo za injili anayeheshimika. Mwaka 1996 nilikuwa na kazi ya harusi kwenye ukumbi wa kanisa moja hapa mjini, sitasema lipi, na kamati ilinipa masharti: nyimbo za dunia marufuku mpaka mchungaji aondoke. Kaseti zangu za injili zilikuwa mbili na zote nimeshazimaliza. Nikaweka Like a Prayer. Kwaya ya kanisa ilikuwa meza ya pili. Walianza kupiga makofi kwenye kiitikio, mwalimu wao akawa anashika sauti ya tatu kwa kidole hewani. Mchungaji naye akatikisa kichwa kwa kuridhika. Mama mmoja wa kwaya akanijia.

"Mwanangu, hii ni kwaya ya wapi?"

"Ya Marekani, mama."

"Wanaimba kwa roho. Utanirekodia?"

Nilimrekodia. Pesa niliichukua, shilingi mia tano. Video niliiona miaka minane baadaye kwenye intaneti kafe moja karibu na Nyerere Square, inakwama kila baada ya sekunde kumi, na misalaba ilipoanza kuwaka kwa vipande vipande mimi nilichokuwa nakiona ni kile kidole cha mwalimu wa kwaya.

Kwa hiyo nikasema kwa kijana wangu: hatari ilikuwa kwenye video. Tena hatari hiyo ilikuwa ya Pepsi zaidi kuliko ya kwake, wao ndio walioshika mkataba. Toa video, baki na wimbo, na wimbo unaingia kanisani na kukaa meza ya pili. Akasema mzee unabadilisha kanuni. Labda. Ila tulikuwa tunabishania singo, na singo ni kitu cha masikio.

Na sasa namba kumi na sita, pale mkwaruzo unapoanzia. Justify My Love. Sisemi lolote juu ya aliyekuwa na CD hii kabla yangu na kwa nini mkwaruzo umekaa hapo hapo. Lenny Kravitz alihusika kuitunga, video aliiongoza Jean-Baptiste Mondino, MTV wakaikataa mwishoni mwa 1990. Yeye akaifanya kaseti ya video, wimbo mmoja tu, akaiuza madukani chini ya dola kumi, watu wakapanga foleni. Alipohojiwa kwenye televisheni kama marufuku ile itamwingizia hela zaidi hakujifanya kushangaa. Hiyo ndiyo kiki iliyokomaa. Hata kabla ya mimi kuzaliwa biashara hiyo ilikuwepo: ukikataza kitu, umekitangaza. Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, walipoufungia wimbo uitwao Mwanza wa Rayvanny na Diamond mwezi Novemba 2018, mimi wiki ile nilifuatwa kwenye miksa mara tatu katika harusi moja na vijana wenye tai wakininong'oneza niwawekee "ule wa juzi". Sikuweka, wakwe walikuwepo. Diamond na mwenzake wao waliupiga jukwaani mwezi uliofuata na wakazuiwa maonyesho kabisa mpaka Januari, na hapo ndipo kiki ilipoanza kuwa na bei.

Nikiisikiliza Justify My Love kwa sikio tupu, pale inapokubali kusoma, karibu wimbo mzima anaongea kwa kunong'ona juu ya ngoma, kama mtu anayepiga simu usiku na vocha imebaki shilingi mia mbili. Kama singo ni jaribio, hilo sikatai. Lakini ilikuja na video yake na zogo lake mkononi. Haikutumwa peke yake sokoni kama ile ya 1986.

CD ya pili haina mkwaruzo hata mmoja, na hilo nalo linasema kitu: haikuchezwa sana. American Life. Wimbo wa kwanza una jina la albamu na ndio uliokuwa singo ya kwanza, Aprili 2003. Vita vya Iraq vilianza Machi 20 mwaka huo. Alikuwa ameshatengeneza video yenye wanajeshi na mabomu, ya kuwasuta Wamarekani na vita vyao, kisha wiki chache kabla ya albamu kutoka akaiondoa mwenyewe, akaweka nyingine amesimama mbele ya bendera za nchi mbalimbali. Mwenyewe! Hakuna MTV wala kanisa lililomkataza. Mwanamke aliyemaliza miaka ishirini akiwaambia watu wakasirike tu, safari hii akaogopa.

Singo ikaishia namba 37 Marekani. Albamu yenyewe ilifika namba moja, wapenzi wake walinunua, lakini singo ilikwama. Wengi wanasema sababu ni kule kuchana kwake katikati ya wimbo, ambako anaorodhesha watu anaowalipa: mwanasheria, meneja, mpishi, yaya watatu. Yaya watatu. Mke wangu alikuwa anakaanga vitunguu, akauliza, "Huyo ana watoto wangapi?" Wakati ule walikuwa wawili. "Basi mmoja wa akiba," akasema, akarudi kwenye sufuria.

Mimi sidhani ni kuchana tu. Nimeurudia mara nne kwenye gari, barabara ya Msalato kwenda na kurudi. Gitaa lile lililokatwakatwa ni zuri, kelele zake zina akili. Tatizo ni kwamba alishawasha kiberiti halafu akakipuliza. Wanaopenda vita hawakumsamehe kwa kile walichosikia alitaka kukifanya, na wasiopenda vita hawakupewa video ya kusimama nayo. Kwenye orodha yangu hii inashika nafasi ya pili kwa kujilipua, na ya kwanza kwa kujutia katikati. Miaka miwili baadaye akawaandikia barua ABBA, lile kundi la Sweden, kuomba kipande cha wimbo wao, akaachia Hung Up, na ukumbi ukarudi kwake. Hiyo ninayo kwenye flashi na haijawahi kuniangusha.

Kwa anayetaka kununua: The Immaculate Collection ukiipata isiyo na mkwaruzo, elfu tano ni bei ya haki, usizidishe. Geuza kisahani juani uangalie ukingo, nyimbo za mwisho ziko huko nje. American Life elfu mbili, na ununue kama una gari lenye deki na safari ndefu. Ya Krismasi mpe mjukuu.

Kijana wangu bado anashikilia Like a Prayer yake. Nilimpa Live to Tell aisikilize kwenye spika za masikioni tukiwa tunasubiri ukumbi ufunguliwe Nkuhungu. Nilikuwa namtazama usoni. Dakika ya tatu hivi akazitoa masikioni, akaigeuza simu.

"Mzee, imekata."

Nikamwambia azirudishe. Jumamosi narudi Msalato. Yule wa turubai alisema ana kaseti halisi ya True Blue nyumbani, anataka elfu saba. Nitampa nne, na nitaanza kuisikiliza kuanzia wimbo wa kwanza.